Mama Kanisa wa Zinga na Pilau ya Shemeji Yake

Jina lake la ubatizo ni Apolonia, lakini ukifika Zinga ukamuulizia Apolonia watu watakukodolea macho tu. Ulizia Mama Kanisa. Hapo hata mtoto wa madrasa atakushika mkono akufikishe kwenye meza yake ya mananasi kando ya barabara ya Dar, na njiani atakumwagia habari zake zote: kwamba ni mjane, kwamba bei hapunguzi ila nanasi anaongeza, na kwamba akianza kuimba asubuhi huku anafagia uwanja, mtaa mzima unaamka utake usitake.

Ni katekista wa kigango. Kanisa ni dogo, halina padre wake. Padre huja kutoka Bagamoyo Jumapili moja moja, na zile nyingine zote anayesimama mbele ni Apolonia, miwani imefungwa uzi mweusi kisogoni, anasoma Neno na kulieleza. Shule aliishia darasa la saba. Akaolewa, akazaa, akasomea ukatekista huku mtoto wa mwisho yuko mgongoni, na mumewe alipofariki akaendelea vilevile, mananasi siku za kazi, Neno siku ya Bwana. Maandiko anayaeleza kama anavyouza nanasi. Analikata mbele yako, anakuonyesha ndani, anakuambia onja mwenyewe.

Ila kulikuwa na mahali pamoja kwenye Biblia ambapo alikuwa anaparuka kila mwaka. Ni pale Paulo anapowaandikia Wakorintho habari za nyama zilizotolewa kwa sanamu, kama ziliwe au zisiliwe.

"Zinga hii nani anayepelekea sanamu nyama?" alikuwa anawaambia watoto wa mafundisho. "Nyama yenyewe ya kula hatuna." Watoto wanacheka, yeye anafunua ukurasa wa mbele.

Sasa, masika ya mwaka jana upepo uliling'oa paa la kanisa. Bati moja lilikutwa kwenye shamba la mihogo, jingine halijaonekana mpaka leo. Wakristo wa Zinga ni wachache, ukiwakalisha mkeka mmoja wanaenea, wakibanana kidogo. Wakasimama wakalitazama lile kanisa lililo wazi kama sufuria isiyo na mfuniko, hakuna aliyejua aanzie wapi.

Walioanza ni majirani. Maalim Mwinyimvua, mwalimu wa madrasa, alikata minazi yake iliyozeeka akatoa mbao. Vijana wake wakabeba mchanga kwa ndoo. Fundi Shamsudin, ambaye mapaa ya nusu ya Zinga ameyapiga yeye, alipanda juu na nyundo yake akawa haombi kitu ila chai, na chai yenyewe iwe na tangawizi. Paa likarudi. Likawa zuri kuliko la kwanza. Padre akapanga Jumamosi ya kuja kulibariki.

Hapo ndipo Apolonia alipopata lake la moyoni. Tangu aolewe pale Zinga, hakuna Idd iliyopita bila sinia la Ashatu, mke wa Maalim, kuingia nyumbani kwake limefunikwa kawa. Idd sinia, maulidi sinia, harusi sinia. Yeye Krismasi alikuwa anajikakamua na maandazi, na maandazi mbele ya sinia la Ashatu yalikuwa yanamtia haya. Akawaambia wenzake wa jumuiya, "Safari hii wao wakae mkekani, sisi tupakue. Nataka kumwona Ashatu amekaa, hana mwiko mkononi." Jumuiya ikanunua mbuzi wawili, beberu wanene, wakafungwa nyuma ya nyumba ya Apolonia.

Na kuna desturi moja lazima isemwe hapa. Zinga, Mkristo akiwa na shughuli, na akawa amealika majirani Waislamu, hachinji mwenyewe. Anamwita Mwislamu achinje kwa taratibu za dini yake, ndipo watu wote wale sinia moja bila mtu kuulizana. Haikuandikwa popote. Ni kama kuvua viatu mlangoni, mtu anakua anaijua. Kwa Apolonia, hata akiwa na kuku mmoja tu, mchinjaji ni Maalim Mwinyimvua miaka yote. Huja na kisu chake kimeviringishwa kitambaa, anachinja, anakunywa maji, anaondoka.

Kwa kuwa kila mtu anajua, Apolonia hakuwaza kumwambia shemeji yake.

Shemeji mwenyewe ni Gaudensi, mume wa mdogo wake Oliva. Ni Mmatengo, mkulima wa kahawa huko Mbinga, mtu wa mikono mikubwa na cheko la kutikisa vikombe. Walisafiri yeye na Oliva wakafika Ijumaa, wamebeba maharage gunia zima, na tangu alipofika alikuwa anatafuta kazi ya kufanya. Alipasua kuni zote. Alirekebisha mlango wa choo. Alipokosa kazi akawa anawatazama wale mbuzi.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, Sabiha, binti wa Maalim, akashikwa na uchungu wa uzazi. Maalim na Ashatu wakatoka naye kabla hakujapambazuka kwenda hospitali Bagamoyo. Maalim hakusahau mbuzi za watu. Alimwambia mwanawe Mikdad, "Asubuhi nenda kwa Mama Kanisa ukachinje badala yangu." Mikdad akasema sawa, akarudi kulala kidogo.

Apolonia naye alikuwa kanisani tangu alfajiri na akina mama wenzake, wanakwangua matone ya saruji sakafuni. Jua lilikuwa limeshachomoza vizuri aliporudi nyumbani. Akakuta ngozi mbili zimetandazwa juu ya ua, nyama imekatwakatwa, Oliva anakaanga vitunguu, na supu inatokota pembeni. Hakuuliza. Nani angeuliza? Akajua Maalim amekwishapita na kisu chake.

"Mungu awabariki," alisema, akajifunga kanga kiunoni.

Pilau ikapandishwa. Harufu ya bizari ikatoka ikashika barabara, mpaka watu wa daladala wakawa wanageuza shingo. Fundi Shamsudin, aliyekuwa amekuja kukagua msumari mmoja uliokuwa unamtia wasiwasi, alifuata harufu hiyo akatokea uani.

"Mama Kanisa, hii supu inasubiri Padre au na sisi mafundi tumo?"

"Fundi, wewe tena! Bila wewe Padre angebariki mawingu." Akamchotea bakuli. Akalinywa lote amesimama, akapangusa jasho, akarudi kwenye msumari wake.

Ndipo simu ya Apolonia ikaita. Maalim, kutoka hospitali, sauti juu kama mnadi.

"Mama Kanisa! Mtoto wa kiume! Mama mzima, mtoto mzima, analia kama ana kesi!"

Apolonia akapiga kigelegele ndani ya simu, Oliva akadakia bila kujua ni cha nini.

"Ashatu hapa machozi hayamkauki," Maalim akaendelea. "Tunarudi sasa hivi, mama yake mkwe amebaki naye. Sasa nikuulize. Mikdad kanipigia, kasema kaja kwako kakuta ngozi zishaanikwa, akaona umempata mtu mwingine, akarudi. Nani kachinja?"

Apolonia aligeuka akatazama ua. Zile ngozi. Na chini ya ngozi, Gaudensi, amekaa juu ya kigogo, anakisugua kisu kwa jivu na kuimba wimbo wa kwao.

Apolonia akajua mchinjaji ni nani.

"Nyama..." akasema. "Nyama iko jikoni, Maalim."

"Haya, Alhamdulillahi," Maalim akasema. "Tunakuja na njaa zetu." Simu ikakatika.

Apolonia akamfuata Gaudensi, akachuchumaa mbele yake. "Shemeji. Wale mbuzi ulichinja wewe?"

"Nani mwingine?" Gaudensi akacheka. "Nimeamka, nyinyi wote hampo, mbuzi wanalia. Nikasema shemeji yangu asirudi na uchovu wake akute kazi. Umeona nilivyochuna? Ngozi haina tundu hata moja."

"Shemeji, mbuzi wale ni wa kuliwa na Waislamu pia. Maalim ndiye alikuwa achinje, akamtuma mwanawe, kijana kakuta ngozi zishaanikwa akadhani nimeita mtu mwingine."

Gaudensi akaacha kusugua kisu. Kwao Mbinga alikokulia, kijiji kizima hukutana kanisani, na shughuli ikiwepo mwenye nyumba ndiye huchinja. Akaelewa polepole, kama mtu anayeona gari linamjia kwa mbali.

"Hakuniambia mtu," akasema kwa sauti ndogo.

"Hakukuambia mtu. Kosa si lako, ni langu."

Gaudensi akafikiri kidogo, halafu akainama karibu. "Sasa shemeji, nani anajua? Yule kijana kadhani umeita mtu. Baba yake naye atadhani hivyohivyo. Tunaojua ni mimi na wewe na Oliva, na mbuzi hawasemi. Nyama ni safi, nimeiosha mwenyewe. Na Mungu si mmoja?"

Hayo yote yalikuwa kweli, na hapo ndipo ilipokuwa taabu. Apolonia alisimama katikati ya ua akaitazama ile sufuria kubwa. Akisema, shughuli imekufa. Walioalikwa kushukuriwa watakuta hakuna cha kula, na Zinga itasema Mama Kanisa kataka kuwalisha watu nyama yake kisirisiri. Asiposema, watakula, watashiba, wataondoka wanamshukuru. Ashatu atakaa mkekani bila mwiko, kama alivyotamani. Ni kunyamaza tu. Na nusu ya kunyamaza alikuwa ameshaifanya kwenye simu.

Akawa anajitetea moyoni. Sikusema uongo, nyama kweli iko jikoni. Lakini yeye ni mwalimu wa mafundisho, na angemkamata mtoto yeyote aliyejibu vile.

Fundi Shamsudin akatokea tena, msumari umekubali, uso umejaa furaha. Alichukua bakuli lake mwenyewe, akachota supu, akavuta kigoda.

"Unajua asubuhi mke wangu kaniuliza nini?" akasema. "Kaniuliza, huko kanisani utakula? Nikamwambia, mke wangu, kwa Mama Kanisa mimi nakula nimefumba macho." Akafumba macho kweli, kwa utani, akasema bismillahi, akaliinua bakuli.

"Fundi, weka chini."

Sauti ilimtoka kali, mpaka Oliva akaacha mwiko. Shamsudin alifumbua macho, bakuli liko mdomoni.

"Weka chini, Fundi. Mbuzi hawa hawakuchinjwa na Maalim wala Mikdad. Kawachinja shemeji yangu, hakujua desturi, na mimi sikumwambia. Nimejua sasa hivi."

Shamsudin akaliweka bakuli chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akalitazama. Akamtazama Gaudensi, ambaye alikuwa anatazama miguu yake.

"Lile la kwanza nilishalinywa," akasema.

"Ndiyo, Fundi. Nisamehe."

"Na lilikuwa tamu."

Apolonia akainama akaliondoa lile bakuli la pili.

"Mama Kanisa, na wewe ungechelewa kidogo basi," Shamsudin akasema, "ningekuwa nimelinywa na la pili." Akainuka, akasukutua mdomo kwa maji ya mtungi, akajikung'uta suruali. "Twende kwa Maalim. Wewe ukaseme lako, mimi nikaulize langu."

Wakaongozana. Njia si ndefu, lakini siku hiyo Apolonia aliiona ndefu. Na humo njiani, kati ya duka la Mwanajuma na kisima, ndipo Paulo wa Wakorintho alipomjia. Hakumjia kwa sauti wala kwa maono, alimjia kama mtu anayekumbuka alipoweka ufunguo. Aha, akasema moyoni, kumbe yule mzee alikuwa anasema haya! Paulo alijua kabisa nyama ni nyama, haina ubaya. Hakubishana na hilo. Alichosema ni kwamba kuna ndugu anayekaa nawe mezani, ana moyo wake, na ukimlisha kitu ambacho moyo wake unakikataa, umemwumiza yeye, ujuzi wako na usafi wa nyama yako havisaidii kitu. Heri usile nyama maisha yako yote. Miaka yote hiyo alikuwa anafunua ukurasa wa mbele, na barua yenyewe iliandikwa kama kwa watu wa Zinga.

Kwa Maalim walikuta sherehe. Maalim na Ashatu ndiyo kwanza wameshuka kwenye bajaji, wanawake wa jirani wamewazunguka, vigelegele juu kwa juu. Ashatu alipomwona Apolonia akamrukia.

"Shoga yangu! Mimi bibi! Niite bibi nisikie!"

"Hongera, bibi," Apolonia akasema, akamkumbatia, na hapohapo akaanza kulia.

"Mbona unalia kuliko mimi? Mjukuu ni wangu."

"Maalim," Apolonia akasema, akajitoa mikononi mwa Ashatu. "Shikamoo. Nina neno."

"Marahaba. Sema."

Akalisema lote, pale pale mbele ya wanawake. Mbuzi, shemeji, supu ya Fundi. Halafu akalisema na lile la simu. "Uliponiuliza nani kachinja nilikuwa nimekwishajua. Nikakujibu vile kukupoteza. Hilo si la shemeji, hilo ni langu."

Maalim Mwinyimvua alikuwa ameshika kofia yake mkononi, anapunga upepo.

"Mama Kanisa," akasema, "mimi nimefundisha watoto tangu sina mvi. Nikimuuliza mtoto nani kavunja kioo, akanijibu kioo kiko chini, huwa najua nani kavunja."

Mwanamke mmoja akaangua kicheko akaziba mdomo na kanga.

"Kwa hiyo ulijua?" Apolonia akauliza.

"Nilijua kuna jambo. Njia nzima kutoka Bagamoyo nilikuwa nafikiria niseme naumwa tumbo ama niseme nimefunga. Nikakata shauri nitakaa nile kachumbari, nisikuaibishe mbele ya Padre wako." Akavaa kofia. "Lakini wengine wangekula, na mimi ningekuwa nawatazama. Ningekuwa nimekaa na mzigo wako na wangu. Umetutua wote wawili."

"Na mimi, Maalim?" Shamsudin akadakia. "Bakuli zima."

"Ulijua?"

"Sikujua."

"Basi huna dhambi. Ungelijua ukanywa kwa ulafi wako, hapo tungekuwa na maneno mengine." Watu wakacheka. Maalim akaendelea kwa utulivu, "Na wapo masheikh wanaosema chakula cha watu wa Kitabu kinaliwa. Wana hoja zao. Ila sisi hapa tumelelewa hivi, na mtu akila kitu huku roho inamsuta, hicho chakula hakijamfaa."

Apolonia akashika kifua. "Maalim, hayo ndiyo aliyosema Paulo!"

"Paulo yupi? Yule muuza mkaa wa Kerege?"

"Wa Wakorintho!"

"Simjui, lakini msalimie," Maalim akasema, na hapo hata Apolonia akacheka, machozi yako palepale mashavuni.

Lakini Ashatu hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika kiuno, anatazama jua lilipofika.

"Padre anakuja saa ngapi?"

"Saa sita."

"Kwa hiyo saa nane. Mikdad! We Mikdad! Mpigie binamu yako Ally Mbegani, mwambie samaki wote walioingia asubuhi asiuze hata mmoja, alete hapa. Mwanajuma, nazi zako zote. Sufuria zangu zile za harusi ziko juu ya dari, ziteremsheni. Miiko yangu, vijiko vyangu, visije vikachanganyika na vya jikoni kwa Mama Kanisa. Wali wa nazi na samaki. Samaki hana habari za nani kachinja, katoka kwa Mungu hivyohivyo."

"Shoga, hapana," Apolonia akasema. "Nyinyi ndio wageni. Umetoka hospitali, hujalala."

"Nilale leo? Nimepata mjukuu, hapa hata ukiniambia umeuza nyumba yangu nitakushukuru. Shika upande ule wa sufuria."

Apolonia akashika. Moyo ulimuuma, tusifiche. Alitaka kumwona Ashatu amekaa, na sasa Ashatu anakuja na sufuria zake, miiko yake na nusu ya wanawake wa Zinga nyuma yake, kwenda kupika kwenye shughuli ambayo aliandaliwa yeye.

Uani kwa Apolonia wakapiga mafiga upande wa pili, mbali na pilau. Samaki wakaja na pikipiki, wamejaa matenga mawili, bado wanametameta. Wengine wanapara, wengine wanakuna, wengine hawafanyi kitu ila kuongea, na hao ndio waliofanya kazi iende.

Gaudensi peke yake ndiye hakuonekana. Maalim alimkuta nyuma ya nyumba, amekaa karibu na kamba zilizokuwa zimewafunga mbuzi. Apolonia alikuwa anachota maji pale pembeni, akasikia.

"Hodi, shemeji wa Mbinga."

"Karibu, Mzee. Shikamoo." Gaudensi akainuka. "Mzee, mimi sikukusudia. Kwetu mgeni ukimchinjia kwa mkono wako ndio umemheshimu."

"Marahaba. Na kwetu sisi, jirani akikuita umchinjie ndio kakuheshimu. Kila mtu alikuwa anatafuta heshima, walioumia ni mbuzi." Maalim akamshika bega. "Nimeziona zile ngozi. Kazi safi. Mikdad wangu huwa anazitoboa kama chujio. Njoo basi, wanawake wanakuhitaji."

Walimhitaji kweli. Adila, mke wa Shamsudin, mdomo wake hauna breki, alimwona anatokea akaita, "Huyu ndiye bingwa wa mbuzi? Mpeni mbuzi basi!" Wakamwekea ile mbuzi ya kukunia nazi. Mtu mkubwa vile akakaa juu ya kile kibao, magoti yakamfika masikioni, akaanza kukuna. Alikuwa hajawahi kukuna nazi maisha yake. Ya kwanza ilimponyoka ikabingirika mpaka kwenye kuku. Ya pili aliikuna mpaka kifuu.

"Shemeji, tunataka tui, hatutaki vifungo vya shati!" Adila akampigia kelele.

Gaudensi akacheka lile cheko lake. Alipofika nazi ya tano au ya sita mkono ulikuwa umezoea, na wanawake wakawa wanambishania nani ampelekee zake.

Padre alifika saa nane, kama Ashatu alivyosema, na kwaya ya kigango jirani ndani ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Wakristo wakaingia, majirani wakaingia, waliokosa nafasi wakasimama madirishani. Alibariki paa kwa maji ya baraka, na tone moja likamwangukia Shamsudin aliyekuwa amesimama chini ya msumari wake, akalipangusa akasema kwa sauti ya chini kwamba angalau limetoka kwa Padre, halijatoka juu.

Walipotoka nje mikeka ilikuwa imetandikwa. Maalim akaomba kusema neno, akasimama katikati.

"Ndugu zangu, hapa leo kuna majiko mawili. Mkono huu ni pilau, mbuzi kachinja shemeji Gaudensi, Mkristo safi kutoka Mbinga. Mkono huu ni wali wa nazi na samaki, kapika Ashatu na wenzake, nazi kakuna huyohuyo Gaudensi. Mama Kanisa kanifuata mwenyewe kwangu kuniambia. Hakusubiri aulizwe mara ya pili. Sasa kila mtu anajua kilicho mbele yake, ale kwa amani."

Watu wakaenda kila mtu mkono wake. Ila Wakristo wengi, walipoona wale samaki, wakaipita pilau wakaenda kwa Ashatu, mpaka kwaya ikabaki inajipakulia pilau kwa wingi bila kusukumana. Apolonia alikuwa anazunguka, anapokea sahani hapa, anaongeza maji pale. Mtu akimsifia anainama. Bado lile la moyoni lilikuwa halijamtoka.

Padre naye akasimama. Ni kijana bado, mtu wa heshima, na alikuwa ameandaa maneno yake. "Kwa niaba ya parokia," akasema, "napenda kuwashukuru kipekee wageni wetu, ndugu zetu Waislamu, kwa kukubali kuja nyumbani kwetu..."

"Wageni ni nyinyi, Padre!" Ashatu akaita kutoka jikoni, mwiko uko juu hewani, jasho linamtiririka. "Mbao za mnazi zetu, nazi zetu, samaki zetu. Kaa ule kabla hawajapoa!"

Halafu Padre mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka, akainua mikono kama aliyeshindwa kesi, akakaa. Uwanja mzima ukalipuka. Maalim alicheka mpaka akavua kofia. Gaudensi aligonga mkeka kwa kiganja. Apolonia alikuwa ameshika jagi la maji, akacheka mpaka maji yakammwagikia miguuni, na alipotaka kuacha akamwona Adila anafuta machozi, akaanza upya. Kitu kilichokuwa kimemkaba tangu asubuhi kilitoka na kile kicheko, akakitafuta asikione.

Ashatu akaja akamnyang'anya jagi. "Shoga, umekula?"

"Bado, nawahudumia..."

"Unawahudumia nani? Wana mikono. Kaa."

"Ashatu, leo nilitaka wewe ndiye ukae, mimi nikupakulie."

"Najua. Oliva kanisimulia." Ashatu akamtazama, akatabasamu kwa uchovu. "Sabiha anatoka hospitali kesho, nyumba itajaa watu, mimi sina nguvu ya kushika hata kijiko. Kesho utanipakulia mpaka uchoke. Leo kaa."

Akamwekea sahani, wali mweupe na changu mzima, pilipili pembeni, ndimu imekatwa. Apolonia akavua viatu, akakaa mkekani kati ya Ashatu na Adila, akafanya ishara ya msalaba, akala. Samaki alikuwa amekolea. Akaomba aongezwe.